Mwongozo wa Kuulinda Mkono Wako Usifungwe Kimura

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwenye mabega mawili mazima ambaye angependa hali hiyo iendelee. Kama bega moja limeshakwenda, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kugonga. Huku mwanzoni hakukuhusu tena.

Tuseme umejiunga na klabu ya jujitsu ya Kibrazili. Gi yako, yaani vazi la mazoezi, bado inanukia duka, mkanda wako mweupe unafunguka kila baada ya dakika mbili, na umeshazoea kukabwa. Kukabwa hakukushtui sana kwa sababu ni mambo ya mtaani. Dar es Salaam watu wanaijua roba, Nairobi wanaijua ngeta, na kila ukoo una mjomba aliyewahi kuachana na simu yake kwa njia hiyo. Kimura, ambayo ni mbinu ya kuukunja mkono mpaka bega lisalimu amri, haina umaarufu huo. Hakuna kibaka anayemfunga mtu Kimura kituo cha daladala. Kwa hiyo unafika mkekani bila woga wowote wa kurithi, na unapangiwa kucheza na mhasibu mmoja mwembamba, mkanda wa bluu, miwani ameiacha kwenye begi. Analala chali, anakufunga kiunoni kwa miguu yake, anakuangalia kwa upole. Nawe unajiambia, huyu leo ni wangu. Mimi niko juu, yeye yuko chini, na katika ugomvi wote niliowahi kuushuhudia shuleni aliyekuwa juu ndiye aliyeshinda.

Hapo ndipo unapoweka kiganja mkekani ili usiyumbe.

Kinachofuata huchukua muda mfupi kuliko kukisoma. Mkono wake wa kushoto unakamata kifundo cha mkono wako wa kulia, huo ulioutuliza chini. Anainuka kidogo, utadhani ana siri ya kukunong'oneza. Mkono wake wa kulia unapita juu ya bega lako, unazunguka nyuma ya mkono wako, unapenya kwa ndani na kushika kifundo chake mwenyewe cha kushoto. Mikono yake miwili sasa imefanya fundo, na katikati ya fundo hilo upo mkono wako, umekunjwa kwenye kiwiko. Anarudi chali, anachomoa nyonga zake kwenda pembeni, anakutupia mguu mgongoni ili usibiringike, kisha anaanza kukipeleka kiganja chako nyuma ya mgongo wako, kuelekea kisogoni. Unabaki kama kuku aliyeshikwa mbawa siku ya kuamkia Idi.

Ukitaka kujua kitakachouma bila kulipa ada ya mwezi, simama hapo ulipo. Peleka mkono nyuma kama mtu anayejikuna mgongo, kisha mwombe mtu akuinulie kiganja hicho kidogo tu kwenda juu. Usimwombe mtu anayekudai. Bega ndicho kiungo chenye uhuru mkubwa kuliko vyote mwilini, na uhuru huo umelipiwa. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kijisahani kidogo kisicho na kina, na kinachokizuia kisitoke ni misuli na kano zaidi kuliko mfupa. Misuli minne midogo ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kulizunguka na kulituliza. Kiwiko kikishakunjwa, sehemu ya mkono kutoka kiwikoni hadi kiganjani inageuka wenzo. Mhasibu wetu hahitaji nguvu, kwa sababu urefu wa mkono wako unamtosha. Nini kitakatika kwanza ni suala la bahati: mara kano za bega, mara kiwiko, mara mfupa wenyewe.

Mwenye jina

Ni vizuri kumjua mwenye jina kabla ya kujifunza kujilinda, angalau upate cha kuzungumza ukiwa kwenye foleni ya eksirei.

Masahiko Kimura alizaliwa Kumamoto, Japani, mwaka 1917. Alitwaa ubingwa wa judo wa Japani nzima kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na akaushika tena mwaka 1949. Husimuliwa kwamba alikuwa akifanyia mti mazoezi ya mitupo yake. Mti wenyewe haukuacha maelezo. Mwaka 1951 alikwenda Brazili na wenzake wawili, na mmoja wao, Yukio Kato, akapambana na Hélio Gracie mjini São Paulo na kukabwa mpaka akazimia. Hélio na kaka yake Carlos walikuwa wamejenga jina kwa mchezo uliotokana na judo ya Mitsuyo Maeda, Mjapani aliyetua Brazili mwaka 1914. Kwa maneno mengine, Wajapani walikuwa wanapigwa kwa mali yao wenyewe, na mtu mzima hawezi kuliacha jambo la namna hiyo lipite.

Tarehe 23 Oktoba 1951 ikawa zamu ya Kimura, katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, uwanja uleule ambao mwaka mmoja kabla Wabrazili walibubujikwa na machozi baada ya Uruguay kuwafunga mabao 2 kwa 1 kwenye Kombe la Dunia. Kimura ameandika katika kumbukumbu zake kwamba alipoingia alikuta jeneza, akauliza ni nini, akaambiwa ni lake. Anasema nusura acheke. Katika raundi ya pili akamlaza Hélio, akaukamata mkono, akafunga lile fundo ulilosimuliwa hapo juu na kuuzungusha. Hélio, mwenye miaka 38, hakugonga, yaani hakumpigapiga mwenzake ili kusalimu amri. Kwa maelezo ya Kimura, mfupa ulisikika ukivunjika. Hélio hakugonga. Kimura akazungusha zaidi. Carlos akarusha taulo.

Wabrazili wakaipa mbinu hiyo jina la mtu aliyewavunja mkono, na jina likazunguka dunia. Ni adabu ya hali ya juu, maana wengi wetu hatuwezi hata kumwalika harusini aliyetushinda kesi ya kiwanja. Wanamieleka wa Uingereza na Marekani walikuwa wanaifahamu zamani, na mwanajudo yeyote wa Zanzibar atakwambia kwao ni ude-garami tu, hakuna haja ya kelele.

Mbinu ya ukoo

Sasa tazama vizuri ulinzi aliotumia Hélio siku ile, kwa sababu ndio ulinzi maarufu kuliko wote katika historia ya Kimura. Ni huu: uwe na kaka.

Usidhani natania. Mbinu hii imejaribiwa tena na watu wa ukoo uleule. Tarehe 21 Novemba 1999, Tokyo, Royler Gracie, mtoto wa Hélio, alifungwa Kimura na Kazushi Sakuraba, Mjapani aliyemzidi uzito kwa mbali na ambaye hata hakuipata kwenye judo; aliipata kwenye mieleka, ambako miongoni mwa walimu wake alikuwamo Mwingereza Billy Robinson. Royler hakugonga. Mwamuzi akasimamisha pambano. Familia ikalalamika kwamba mtoto wao hakuwa amegonga, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa na ndilo lililokuwa tatizo. Tarehe 27 Agosti 2000, Sakuraba yuleyule akakutana na Renzo Gracie, mjukuu wa Carlos. Zikiwa zimebaki sekunde chache raundi ya pili iishe, Renzo yuko nyuma ya Sakuraba, amemkumbatia kiunoni, mkao ambao mwalimu yeyote angekupongeza kwa kuufikia. Sakuraba akaushika mkono uliomkumbatia, akafunga fundo, akageuka nao. Kiwiko cha Renzo kikachomoka. Renzo hakugonga. Mwamuzi akaingilia.

Mikono mitatu, hakuna hata mmoja uliogonga. Anayeanza jujitsu husimuliwa habari hizi kwa sauti ya chini, macho yakiwa yamelegea kwa heshima, na akitoka hapo anaamua kwamba na yeye hatagonga. Naomba kabla hujaamua ufanye hesabu ndogo ya vifaa. Mbinu ya ukoo inahitaji kaka mwenye taulo, au mwamuzi mwenye macho mawili anayelipwa kukutazama wewe peke yako. Inahitaji umati, ili kuvunjika kwako kuwe habari. Wewe una nini? Una Jumanne saa mbili usiku, ukumbi wa kukodi mnaogawana na kina mama wa aerobiki. Una kocha aliye kona ya mbali anamkumbusha mtu ada ya miezi miwili. Kaka yako yuko Mwanza na hajui kama unafanya mambo haya. Ukikataa kugonga, hakuna atakayeandika kitabu. Mhasibu atakuomba radhi, atakununulia soda, na kesho yake ataenda kazini kwa mikono yake miwili.

Mkono ulifuata nini huko?

Walimu wa jujitsu si watu wa maneno mengi kuhusu jambo hili.

"Kocha, mtu akishanifunga Kimura nafanyaje?"

"Mkono wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa chini, mkekani."

"Ulifuata nini huko?"

Mazungumzo huishia hapo, na mwanafunzi huondoka akiamini amenyimwa siri. Hakunyimwa. Ulinzi wenyewe ndio huo, na kosa lake ni moja tu: hauna mvuto. Ukiwa ndani ya miguu ya mtu aliyelala chali, kiganja chako hakina kazi yoyote mkekani. Kazi yake iko mwilini mwa mwenzako: mkono mmoja unabana kola zake zote mbili kifuani, mwingine uko nyongani au kwenye mkanda wake, na viwiko vyako vyote viwili vimebana mbavu. Ukiyumbishwa, rudisha kiwiko kabla ya kitu kingine chochote. Mkono uliokunjwa karibu na mbavu ni mgumu kufungwa Kimura. Mkono uliosafiri ni mali ya aliyeuona kwanza.

Mikono husafiri kwa sababu nyingi, na baadhi zinaonekana za heshima kabisa. Kuna anayemkumbatia mwenzake kiunoni kwa nyuma na kuacha viwiko vikining'inia. Huyo akasome tena habari za Renzo. Kuna aliyelaliwa ubavuni, kifua cha mtu kimemkandamiza, pumzi zinaisha, naye anaona suluhisho ni kuusukuma uso wa aliye juu kwa kiganja kilichonyooka, akidhani watu wazima huondoka wakisukumwa. Aliye juu hasukumwi. Anapokea mkono huo kwa mikono miwili, kama mgeni wa heshima, na anaanza kuukunja. Halafu kuna yule kijana wa mazoezi ya vyuma, mabega mapana, ambaye anauacha mkono popote kwa sababu anajua ana nguvu za kuurudisha. Nguvu hizo zipo kweli. Zinakaa kifuani na mbele ya mkono. Nyuma ya mgongo, kiganja kikishavuka mkanda, hata yeye amebaki na ile misuli midogo tu, sawa na mimi na wewe.

Mkono ukishakosea safari, bado kuna nafasi moja nyembamba. Ili afunge fundo, aliye chini lazima ainuke kidogo apitishe mkono wake juu ya bega lako. Akianza tu kuinuka, mrudishe chini kwa kifua: msukumie uzito wako mbele, mlaze mkekani, uchomoe kiwiko. Nafasi hii hufunguka na kufungwa kabla hujamaliza kuikumbuka, kwa hiyo sitaiongelea zaidi.

Shika chako

Fundo limefungwa. Hapa ndipo wengi huanza kusoma miongozo.

Jambo la kwanza ni kukificha kiganja. Fundo la Kimura halina maana mpaka kiganja chako kiondoke mbele ya mwili, basi usikiruhusu kiondoke. Kishikishe kitu. Swali ni kitu gani, na hapo pana ubishi wa muda mrefu.

Wengi hushika mkanda wao. Ni uamuzi mzuri kama mkanda wako umefungwa vizuri. Wa mkanda mweupe haujawahi kufungwa vizuri tangu mchezo huu uanze, kwa hiyo utajikuta umeshikilia kitambaa kirefu kisichoshikana na kitu, huku mkono ukiendelea na safari yake. Suruali ya gi ni bora zaidi. Ikamate upande wa ndani wa paja, ngumi ikiwa imezama. Ukiwa huna gi, shika paja lenyewe kwa ndani. Wengine huunganisha viganja viwili, kiganja kwa kiganja, vidole vyote vikiwa upande mmoja na dole gumba. Hiyo inafaa sana, mradi usifumanishe vidole kati kwa kati: vidole vilivyofumana vikivutwa vinaumia vyenyewe, na utakuwa umeongeza tatizo la pili kabla ya kutatua la kwanza.

Sasa umeshika. Unapumua. Mhasibu anavuta, hakitoki kitu. Unaanza kujisikia mtu mwenye uzoefu. Nakuonya, huo ndio wakati wa hatari, maana hapa watu hufanya makao. Wanang'ang'ania suruali yao, macho wameyafumba, wanasubiri kengele, na wanaamini kwamba kushikilia ndiko kujilinda. Mwenzako hasubiri kengele. Ataubadilisha upande wa mvuto, akivuta kuelekea pale vidole vyako vinapofungukia badala ya pale vinapobana. Ataunyanyua mwili mzima pamoja na mkono kwa kukaza nyonga ghafla. Na zaidi ya yote, hajafunga ndoa na mkono wako. Kimura inayotoka chini haitembei peke yake, ina ndugu wawili. Ukijikunja kuulinda mkono, atakuinukia kwa nyonga na kukupindua, kisha utajikuta wewe ndiye uliye chali na yeye yuko juu, na mkono bado anao. Ukiinamisha kichwa na kumsukuma kwa shingo, ataachia mkono akuzungushie shingo na kukukaba kabali ya mbele. Wewe una jibu moja, yeye ana maswali matatu.

Kwa hiyo muda ulioununua kwa kushika suruali utumie haraka. Tazama nyonga zake. Kimura ya aliye chini inahitaji pembe: ndiyo maana anajichomoa pembeni kabla ya kuvuta. Mfuate. Akienda kushoto, hamisha magoti yako mpaka mwili wako urudi mbele yake, uso kwa uso, kifua kikiwa kizito juu yake. Pembe ikifa, nguvu ya mvuto wake inapungua sana. Kisha kumbuka jambo ambalo wachache hulikumbuka wakiwa na maumivu: mikono yake yote miwili ina kazi. Ameitumia yote kushika mkono wako mmoja. Hana mkono wa kukuzuia usivuke miguu yake, ana miguu tu. Ukibaki mtulivu na kiganja kikiwa kimejificha, unaweza kuivuka hiyo miguu na kufika ubavuni kwake huku bado amekumbatia mkono wako, na ukifika huko fundo lake linaanza kuwa mzigo wake. Hapo ataachia. Hakuna mtu anayekumbatia mzigo milele.

Huu, kwa maoni yangu, ndio ulinzi pekee wa baada ya fundo unaostahili kuitwa ulinzi. Una sehemu tatu zinazochosha: ficha kiganja, ua pembe, vuka miguu. Hauna picha nzuri na hakuna anayeupigia makofi.

Mbinu za mashujaa

Zipo njia zenye picha nzuri.

Ya kwanza ni kuunyoosha mkono. Kimura inahitaji kiwiko kilichokunjwa, kwa hiyo mkono ulionyooka hauwezi kufungwa Kimura. Mantiki imekamilika. Tatizo ni kwamba mkono ulionyooka, ulioshikwa na mikono miwili ya mtu anayejua, una jina lake jingine kwenye judo, nalo ni juji-gatame: anapitisha miguu, anaweka kiwiko chako juu ya nyonga zake na kukikunja upande ambao hakikuumbwa kukunjikia. Utakuwa umetoka begani ukaingia kiwikoni. Wapo wanaofanya hivi kwa ustadi, wananyoosha na kuchomoa kwa mpigo mmoja, lakini hao hawasomi miongozo.

Ya pili ni kubiringika. Ukizungusha mwili kufuata upande ambao mkono unapelekwa, mkazo unalegea, na kama mguu wake hauko mgongoni mwako, unaweza kutokea upande wa pili ukiwa huru. Ni nzuri sana kuitazama. Antônio Rodrigo Nogueira, mmoja wa watu wenye jujitsu bora waliowahi kupigana katika uzito wa juu, alibiringika tarehe 10 Desemba 2011 mjini Toronto, Frank Mir akiwa ameushika mkono wake. Mir akabiringika naye. Hakuachia fundo, wakatokea upande wa pili pamoja, na huko Mir akaumalizia mkono mpaka mfupa ukavunjika. Nogueira akagonga baada ya hapo. Kubiringika kunamtoa anayebiringika peke yake. Mkibiringika wawili mmehama mahali tu.

Ya tatu ni kukaza na kutazama mbali, ukijifanya huumii. Sina la kuongeza.

Ya nne ni ya kisheria. Unamwambia mwenzako kwa sauti ya mtu aliyesoma kanuni kwamba mbinu hiyo hairuhusiwi kwa mkanda mweupe. Inaruhusiwa. Miongoni mwa zisizoruhusiwa kwa mkanda mweupe ni ya kukunja kifundo cha mkono. Kimura ya bega ni halali kwako kuanzia siku ya kwanza, kufunga na kufungwa, na hakuna rufaa.

Kugonga

Kugonga ni kumpigapiga mwenzako kwa kiganja, mara mbili au zaidi, ili aachie. Maelezo hayo yangetosha kama watu wasingekuwa wabunifu.

Mgonge yeye, mwilini, penye kusikika. Usigonge mkeka ulio upande asikoelekea, kwa sababu muziki wa ukumbi una sauti kuliko kiganja chako. Mkono mmoja umefungwa na wa pili umebanwa chini ya kifua? Gonga kwa mguu. Miguu haisogei? Tumia mdomo, sema "gonga" au "basi" au jina la Mungu kwa sauti, vyote vinaeleweka. Kwenye mashindano hata ukipiga ukelele wa maumivu mwamuzi atahesabu umesalimu amri, kwa hiyo usije ukapiga ukelele halafu ukadai ulikuwa unajipa moyo.

Wakati wa kugonga ndilo swali halisi. Wageni husubiri maumivu. Kwenye kukabwa kunakobana pumzi unaweza kusubiri kidogo. Pumzi hukupa taarifa. Bega halina ukarimu huo. Kati ya "bado naweza" na "limekwenda" kuna umbali wa vidole vichache, na mara nyingi maumivu makali hufika nyuma ya tukio. Weka alama yako mapema, ukiwa na akili timamu: kiganja kikitoka kwenye suruali na kuvuka mgongo, mazungumzo yamekwisha, gonga. Kabla ya hapo pambana kwa kadiri unavyotaka.

Ukishagonga utahisi haja ya kueleza. Utataka kusema bega hilo lina historia, kwamba ulikuwa umechoka, kwamba mkeka unateleza. Sema tu "safi", mpe kiganja, mwanze upya. Mhasibu hahitaji taarifa ya mwisho wa mwaka. Na ukiwa umegonga mara nyingi usiku mmoja, hakuna daftari linalowekwa. Aliyegonga anaendelea raundi inayofuata, ambayo ndiyo sababu ya kulipa ada.

Neno la mwisho ni kwa aliyeshika mkono, maana naye anasoma. Kimura ya mazoezini inafungwa polepole, hatua kwa hatua, kiasi cha kumpa mwenzako nafasi ya kutambua na kugonga. Muulize kabla ya kuanza kama bega lake lina jeraha. Akiwa mgeni, mwambie yuko kwenye hatari, maana huenda hajui. Akiwa ni wale wasiogonga, wa mbinu ya ukoo, achia wewe mwenyewe na mwambie umemaliza, kwa kuwa hapo ukumbini hakuna Carlos wala taulo. Na ukigongwa, achia papo hapo. Usimuulize kama amegonga kweli.